Mrejesho: Wembe wa mwenzangu na hofu ya homa ya ini

Salaam, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyeuliza, miezi minne iliyopita, kuhusu wembe wa mpangaji mwenzangu hapa Mwanga, Kigoma, ambao niliutumia gizani umeme ulipokatika, na kulipokucha nikaukuta na doa la damu iliyokauka. Nawashukuru mlionijibu, hasa dada aliyenieleza kwamba saa 72 za kuanza dawa za kinga ya VVU zilikuwa zimekwisha kupita, hivyo nipime mara moja na kurudia baada ya miezi mitatu. Nilifanya hivyo, na mara zote mbili sikukutwa na VVU wala homa ya ini aina ya B. Chanjo ya homa hiyo nimepata dozi mbili. Ya tatu naisubiri itakapotimia miezi sita tangu ile ya kwanza. Ushauri wa kuchovya wembe kwenye spiriti niliuacha, baada ya muuguzi kunicheka kidogo na kuniambia ninunue wangu, kwani bei yake haifiki hata ya fungu moja la dagaa. Hofu, nakiri, haijaisha: mswaki wangu bado naulaza ndani ya begi lenye kufuli.