Wakuu, ritani ya kodi yenye mambo mengi mnatoza vipi?

MzeeWaLeja: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Nimezoea ritani nyepesi, bei moja kwa wote. Sasa nimepata mteja mwenye nyumba za kupangisha, kampuni ya ushauri na pato la nje lililokwisha katwa kodi hukohuko. Stakabadhi kaleta kwenye boksi, nyingine wino umefutika, nyingine ni picha za simu ambazo jumla imekatwa pembeni. Sitaki kumuumiza wala kujipunja. Nimtoze vipi?

KalamuNyekundu: Mkuu, fomu haitakusumbua, litakalokula muda ni boksi. Kupanga vitabu kuwe na bei yake, ritani bei yake. Kadiria saa, kisha andika kwenye barua ya makubaliano nini kimo na nini hakimo. Nyaraka zikiletwa dakika za mwisho, bei inapanda.

Chokozi: Lipime boksi, tozea kilo.

BintiHesabu: Msicheke. Mimi nilimpa bei ya jumla mwenye magari ya mizigo. Kumbe kauza mengine katikati ya mwaka, kila moja na uchakavu wake, na kadi hazionekani. Mpaka leo akipiga simu moyo unashtuka.

NuruYaHaki: Ndugu zangu, tupunguze tamaa. Mwenye mali naye ana familia.

KalamuNyekundu: Mzee, na bei mlishaigusia na mteja?

MzeeWaLeja: Juu juu tu.

KalamuNyekundu: Juu juu ndiyo vipi?

MzeeWaLeja: Tulisema nichukue asilimia 20 ya marejesho ya kodi atakayopata. Lakini ni mdomo tu, na wazo lilikuwa lake. Nikimrudishia kingi nami napata kingi, ubaya uko wapi?

KalamuNyekundu: Ubaya ni kwamba kila stakabadhi yenye utata utaiona halali, maana na wewe una fungu humo. Marekani, chama cha wahasibu cha AICPA kinawakataza wanachama wake kuandaa ritani kwa malipo ya aina hiyo. Na hesabu ikionyesha anadaiwa je? Umefanya kazi bure.

MzeeWaLeja: Mimi si mwanachama wao. Na huyu hawezi kudaiwa, namfahamu.

TomasoBado: Subirini kidogo. Marejesho yanatoka wapi? Hurudishwa kodi iliyolipwa kupita kiasi. Hujataja zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hajalipwa, hujataja kodi aliyolipa kwa awamu. Kodi aliyokatwa nje kwa kawaida hupunguza kodi ya nyumbani, hairudi taslimu. Hii ni chai. Tena nahisi mteja ndiye wewe, unapima kama mhasibu wako anakupiga.

BintiHesabu: Hata mimi nilishangaa, mhasibu gani anaita kazi "mambo mengi"?

NuruYaHaki: Kama ni uongo, tubu.

MzeeWaLeja: Jamani! Wapangaji wake ni makampuni, wanakata zuio kila wanapolipa kodi ya pango. Vyeti ninavyo.

TomasoBado: Funika majina, tuwekee jumla.

MzeeWaLeja: Bado sijavijumlisha.

Chokozi: Hujajumlisha, asilimia umeshagawa 😂

KalamuNyekundu: Tumwache apumue. Mzee, jumlisha leo, kesho mpelekee bei mpya ya saa kwa maandishi. Ni mapema, ataelewa.

MzeeWaLeja: Kesho ngumu mkuu. Advansi nilishapokea.

TomasoBado: Advansi ya asilimia 20 ya nini?