Jaribio la Kiingereza kwa wanaozungumza Kirusi: sarufi, msamiati na utamaduni tuvipime vipi?

Swali, kutoka kwa Mtunzi wa Jaribio

Walimu wenzangu, salaam. Ninawafundisha Kiingereza kwa njia ya intaneti watu wazima wanaozungumza Kirusi, na hivi karibuni nimetunga jaribio la kuwapangia madarasa. Lina maswali 60: 30 ya sarufi, 20 ya msamiati na 10 ya utamaduni wa Uingereza na Marekani. Yote ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na alama zote zinajumlishwa pamoja kuamua mwanafunzi aanzie wapi.

Matokeo yamenitia mashaka makubwa. Kwanza, wengi wamepata karibu maswali yote ya "a" na "the", ilhali nikiwapa waandike aya moja ya kujieleza, vineno hivyo havionekani kabisa: "I work in bank", "I have dog". Pili, mwanafunzi mmoja anayesoma magazeti ya Kiingereza bila taabu ameangukia darasa la chini kwa kukosa maswali tisa ya utamaduni, na mwingine ambaye hawezi kuunganisha sentensi tatu amepanda juu kwa sababu amekariri tarehe za sikukuu na majina ya majumba ya makumbusho ya London. Nikitazama orodha ya madarasa niliyopanga, naona nimewadhulumu wote wawili. Je, kosa liko kwenye maswali yenyewe, kwenye uwiano wa sehemu tatu, au kwenye wazo zima la kuvipima vitu hivi pamoja?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Msahihishaji

Mwalimu, nianze na "a" na "the", kwa kuwa hapo tatizo linatokana na umbo la swali. Kirusi hakina vineno vya namna hiyo, kama ambavyo Kiswahili hakina. Kosa kubwa la mtu anayefikiri kwa Kirusi si kuweka "a" mahali pa "the", bali ni kutokumbuka kwamba mahali hapo panadai neno lolote. Unapoandika "I work in ___ bank" na kumwekea machaguo chini yake, ile nafasi iliyo wazi imekwisha kumnong'oneza kwamba hapa pana kitu. Umemfanyia nusu ya kazi, nayo ni nusu ile ile inayomshinda. Mpe badala yake aya ya sentensi sita au saba isiyo na nafasi wazi hata moja, ambayo umeondoa vineno vyote hivyo, umwambie avirudishe mahali pake bila kumtajia idadi. Changanya humo nomino zisizohitaji chochote, kama "advice" na "music", ili na yule anayebandika "the" kila mahali ajulikane. Kusahihisha kutakuchukua muda zaidi, lakini utakachokiona kitafanana na kile unachokiona kwenye aya zao.

Katika nyakati, sisi tunaotunga maswali huku Kiswahili kikiwa kichwani tunaweza kuteleza bila kujua. Kwetu "nimepoteza ufunguo" na "nilipoteza ufunguo" ni kauli mbili, kwa hiyo tofauti ya "I have lost" na "I lost" tunaihisi, ingawa mipaka yake hailingani na ya kwetu. Kirusi kina wakati uliopita mmoja tu, na kinachotiliwa mkazo humo ni kama tendo limekamilika au halikukamilika, kwa hiyo neno moja, "poteryal", linabeba kauli zote mbili. Wanafunzi wengi huziba pengo hilo kwa kukariri maneno ya kuashiria: wakiona "already", "just" au "yet", wanaandika "have" bila kuwaza. Swali lenye neno la aina hiyo linapima orodha waliyoikariri. Jihadhari pia na sentensi ambazo Mwingereza na Mmarekani hawakubaliani, kwa sababu Mmarekani husema "I already ate" bila kusita, na swali lenye majibu mawili sahihi halina haki ya kubaki kwenye jaribio.

Yapo maswali ambayo hayana ubishi kwa upande wowote. Chukua "I ___ her since 2015". Kirusi hutumia wakati uliopo hapo, "ya znayu yeyo", nasi pia twasema "ninamfahamu tangu 2015", kwa hiyo "know" ndilo jibu litakalomvuta asiyejua. Chukua na "If I ___ him tomorrow, I will tell him". Mrusi husema "yesli ya yego uvizhu", na hilo "uvizhu" ni wakati ujao, hivyo "will see" litamkaa mdomoni kama lake. Sisi wenye "nikimwona" hatuwezi kulibuni kosa hilo kwa kujitazama wenyewe. Ni lazima kulitafuta kwenye madaftari yao. Vipotoshi vyote vya sarufi, yaani majibu yasiyo sahihi unayoyaweka kati ya machaguo, vitoke huko. Kipotoshi ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukiandika kwa mkono wake ni mapambo tu.

Jambo moja zaidi. Katika mtihani wa taifa wa kumaliza shule nchini Urusi, unaoitwa kwa kifupi EGE na ambao umekuwa wa lazima nchi nzima tangu 2009, sehemu ya sarufi humpa mtahiniwa matini yenye nafasi wazi na neno la msingi kwa herufi kubwa, naye hulibadilisha umbo na kuliandika mwenyewe. Wanafunzi wako waliosoma Urusi miaka ya karibuni wanaujua mtindo huo, kwa hiyo hautawababaisha, na unafunga mlango wa kubahatisha ambao machaguo manne huuacha wazi kwa asilimia 25.

Jibu la pili, kutoka kwa Mpenda Msamiati

Naunga mkono hoja ya Msahihishaji, na ningependa kuongeza juu ya yale maswali 20 ya msamiati. Ndugu mtunzi, hesabu ni mangapi kati yake yana maneno ambayo Kirusi nacho kinayo kwa sura ile ile. Maneno kama "museum", "revolution", "telephone" na "problem" anayezungumza Kirusi anayatambua kabla ya kujifunza Kiingereza. Mtafiti Irina Elgort alichapisha mwaka 2013 utafiti juu ya jaribio la ukubwa wa msamiati lililotungwa na Paul Nation na David Beglar, akiwatumia wanafunzi wanaozungumza Kirusi. Alama zilikuwa juu zaidi pale maana za kuchagua zilipotolewa kwa Kirusi kuliko zilipotolewa kwa Kiingereza, na maneno yanayofanana katika lugha hizo mbili yalikuwa mepesi zaidi kwao. Hilo lina maana mbili kwako. Usijaze jaribio maneno pacha, maana utaona msamiati mkubwa usiokuwapo. Na amua mapema kama maana utazitoa kwa Kiingereza au kwa Kirusi, kwa sababu ukizitoa kwa Kiingereza kigumu, unampima mtu usomaji wa maelezo badala ya neno lenyewe.

Penye utajiri zaidi ni kwenye yale maneno yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana. "Her handwriting is very ___": anayejua ataandika "neat", na aliyezoea "akkuratny" atakimbilia "accurate". "Dekada" kwa Kirusi ni siku kumi, "decade" ni miaka kumi. "Magazin" ni duka, "familiya" ni jina la ukoo. Kisha yako maneno ambayo Kirusi hukata dunia kwa namna tofauti na Kiingereza, na hapa tuna bahati ya kuyaelewa kwa urahisi: "ruka" ni mkono wote kama kwetu, kuanzia begani hadi kwenye vidole, na "palets" ni kidole cha mkono na cha mguu vilevile. Sentensi kama "She hid the coin in her ___", yenye "arm" na "hand" kati ya machaguo, inapima kitu halisi kwa maneno machache sana.

Usisahau hesabu ya nomino. Pesa kwa Kirusi ni wingi, nywele ni wingi, na saa ya mkononi nayo ni wingi, ndiyo maana utasoma "my watch are new" kutoka kwa mtu ambaye sarufi yake nyingine haina dosari. Mimi swali hilo ningeliweka kwenye msamiati, kwa kuwa kujua neno ni pamoja na kujua tabia yake ndani ya sentensi.

Jibu la tatu, kutoka kwa Msomaji wa Tamaduni

Mimi nitasemea yale maswali 10, ambayo naona ndiyo yaliyomdhulumu yule mwanafunzi msoma magazeti. Katika elimu ya Urusi, kufundisha habari za nchi sambamba na lugha yake kuna historia ndefu na yenye heshima. Yevgeny Vereshchagin na Vitaly Kostomarov waliliandikia suala hilo mwaka 1973, wakihusu ufundishaji wa Kirusi kwa wageni, na msisitizo wao ulikuwa kwamba maneno yenyewe hubeba maarifa ya watu wanaoyatumia. Kwa hiyo, utamaduni unaostahili kupimwa katika jaribio la lugha ni ule ambao, usipoujua, utaelewa sentensi vibaya. Tarehe ya kuanzishwa kwa makumbusho haimo.

Tazama mfano huu. Mtu wa London anakuandikia: "My office is on the first floor." Je, utapanda ngazi? Nchini Urusi, kama Marekani, ghorofa ya kwanza ni ile iliyo sawa na ardhi, bali Uingereza ni ile iliyo juu yake. Anayezungumza Kirusi atasoma sentensi hiyo, ataelewa kila neno, na atabisha hodi kwenye mlango usio wenyewe. Hilo ndilo swali la utamaduni.

La pili ni barua. Kirusi huweka alama ya mshangao baada ya kumtaja unayemwandikia, na mtu wa heshima huitwa kwa jina lake pamoja na jina linalotokana na la baba yake. Kwa hiyo mwanafunzi hodari kabisa anaweza kuanza barua rasmi kwa "Dear Mr Peter!", naye anaamini ametimiza adabu zote. Mpe mianzo minne ya barua achague. Vivyo hivyo kwa maombi: kwa Kirusi, kauli ya kuamuru ikiambatana na neno la "tafadhali" ni ya adabu, lakini "Give me your pen, please" kwa Mwingereza usiyemfahamu inakwaruza, naye angetarajia "Could you". Mfumo wa Ulaya wa viwango vya A1 hadi C2, uliochapishwa 2001, unautambua uwezo wa namna hii kuwa sehemu ya kujua lugha.

Kagua pia maswali yaliyozeeka. Swali lolote lililomtaja Malkia kuwa mkuu wa nchi ya Uingereza lilikufa tarehe 8 Septemba 2022. Na kila aliyesoma shule ya Kirusi anaijua kwa moyo sentensi "London is the capital of Great Britain", inayotokana na kuwa "Velikobritaniya" kwa Kirusi ndilo jina la kawaida la nchi nzima. Nchi yenyewe huitwa Ufalme wa Muungano wa Britania Kuu na Ireland ya Kaskazini, na Belfast haimo ndani ya Britania Kuu. Ukiuliza hilo, uliza kwa uangalifu, maana Waingereza wenyewe huyachanganya majina hayo katika mazungumzo ya kila siku.

Jibu la nne, kutoka kwa Mpima Takwimu

Ndugu zangu, yote yaliyosemwa yana uzito, ila nina hofu moja. Mtaalamu wa upimaji wa lugha Robert Lado alifundisha mwaka 1961 kwamba jaribio lielekezwe pale lugha mbili zinapogongana, na nyote mmefuata njia hiyo. Baadaye ilionekana wazi kwamba makosa mengi ya wanafunzi hayatoki kwenye lugha yao ya kwanza. Kila anayejifunza Kiingereza huandika "goed" badala ya "went" wakati fulani, awe Mrusi au asiwe. Jaribio lililojaa mitego ya Kirusi peke yake litakuonyesha nani ameikwepa mitego, na halitakuonyesha nani anajua Kiingereza. Isitoshe, wanaozungumza Kirusi si Warusi pekee. Kirusi kina hadhi rasmi Belarus, Kazakhstan na Kyrgyzstan, na mwanafunzi wako anaweza kuwa na Kikazaki au Kikirigizi nyumbani. Mimi ningeweka mitego katika theluthi moja ya maswali.

Kisha liache jaribio lenyewe likuambie. Panga wanafunzi kwa alama zao, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, kama alivyopendekeza Truman Kelley mwaka 1939. Ukiwa na wanafunzi 40, kila kundi ni watu 11. Ikiwa swali limepatwa na 9 wa juu na 4 wa chini, tofauti ni 5 kwa 11, yaani 0.45, na swali hilo linatenganisha vizuri. Likipatwa sawasawa na makundi yote mawili, halikusaidii kupanga madarasa, hata liwe zuri namna gani machoni pako. Fanya hesabu hiyo kwa kila sehemu peke yake, na alama za sehemu tatu ziandikwe kando kando, zisijumlishwe. Kuhusu idadi ya machaguo, uchambuzi wa Michael Rodriguez wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa matatu yanatosha, kwa hiyo usijichoshe kubuni la nne.

Mtunzi wa Jaribio

Nawashukuru sana, walimu. Nimefanya hesabu ya Mpima Takwimu usiku huu, na maswali saba kati ya yale 10 ya utamaduni hayakutenganisha chochote, kwa hiyo nimeyaondoa. Swali la ghorofa nimeliingiza, na la barua pia. Aya isiyo na "a" wala "the" nimewapa wanafunzi watano asubuhi, wote wakiwa wamepata alama kamili katika maswali yangu ya awali. Hakuna aliyerudisha zaidi ya nusu. Yule msoma magazeti nimemwandikia kumwomba radhi, na tangu leo anahamia darasa la juu.