UZI WA MALALAMIKO: Mnaouza ziara ya baiskeli Manyara–Natron bila kuwahi kukanyaga pedeli huko, mtaua watu

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyependa kusoma apite tu. Mods naomba msiuunganishe na ule wa "wapi pa kutoka wikiendi". Hapa tunazungumzia watu kuachwa porini bila maji kwa hela yao wenyewe.

Jina la kampuni silitaji, malalamiko rasmi yameshafika yanakotakiwa kufika. Itoshe kusema iko Arusha, bango lake zuri, na ukurasa wake umejaa picha za heroe na machweo.

Walichotuuzia ni "Ziwa hadi Ziwa kwa Baiskeli, bei ya mzawa". Laki sita na nusu kwa kichwa, ndani yake baiskeli, chakula, mahema, vibali vyote, na gari la kusindikiza lenye maji na fundi. Siku ya kwanza unazunguka mashamba ya migomba ya Mto wa Mbu, ule mji mdogo kando ya Ziwa Manyara. Siku ya pili, nanukuu tangazo lao, "kilomita 70 za tambarare hadi Natron".

Sabini!

Mtu yeyote aliyewahi kupita ile njia, hata akiwa amelala kwenye gari, anajua Mto wa Mbu hadi Engaruka peke yake ni kilomita sitini na kitu. Kutoka Engaruka hadi Engaresero, kijiji kilicho kando ya Natron, ni kama hizo hizo tena. Jumla yake ni kama 120. Na niliuliza kabla ya kulipa. Nikamwambia dada wa ofisini, "Dada, una uhakika na hiyo sabini?" Akanijibu, "Kaka usiwe na wasiwasi, wageni wetu wanaenda kila wiki, saa nane mchana mnakuwa mnaoga kwenye maporomoko." Ni kweli wanaenda kila wiki. Wanaenda na Land Cruiser. Hilo nilikuja kuambiwa na dereva wao mwenyewe, mambo yakiwa yameshaharibika.

Shida yote iko hapo, wakuu. Njia imepangwa na mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha gari anakula karanga. Dirishani ukiangalia, bonde ni tambarare kweli. Hata kwenye karatasi inapendeza: Ziwa Manyara liko kama mita 960 juu ya usawa wa bahari, Natron kama mita 600, kwa hiyo mtu anajisemea ni mteremko mtupu. Haoni kwamba barabara inaambaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na kila kijito kinachoshuka kwenye huo ukuta wakati wa mvua kimechimba korongo kukata barabara. Unashuka kwenye mchanga, unapanda kwenye mawe. Unapumua kidogo, linakuja lingine. Kati ya korongo na korongo kuna vile vijituta vilivyofuatana vinavyotikisa mpaka vidole vinakufa ganzi.

Ukikaribia milima ya volkano ya Kerimasi na Ol Doinyo Lengai ardhi inabadilika. Kuna jivu la kijivu, laini, tairi la mbele linazama unashuka unasukuma. Na wala si kwamba barabara imetelekezwa. Lengai ni volkano hai, mara ya mwisho ilipochachamaa sana ilikuwa 2007 na 2008, na ikamwaga jivu eneo lote lile juu ya majivu ya kale zaidi. Aliyepiga pedeli pale japo mara moja hawezi kuandika neno "tambarare". Mkono ungemkatalia.

Twende kwenye baiskeli. Yangu iliandikwa gia 21, zikafanya kazi mbili. Raba za breki za nyuma zilikuwa zimelika hadi chuma kinagusa rimu, ukishuka korongoni inapiga kelele mbuzi wanakimbia. Tairi ni nyembamba, kipara, za kuendea dukani. Sasa wanaoijua ile ardhi watacheka, kwa sababu kuna kitu kinaitwa mbigili. Ni kijitunda kikavu, kidogo kuliko punje ya hindi, kina pembe ngumu kila upande. Vyovyote kitakavyodondoka, pembe moja inaangalia juu. Tulipopita Selela nikahisi nyuma panalegea. Nikageuza baiskeli juu chini, nikawa nazungusha gurudumu taratibu: moja, nyingine, nyingine, tena zimepangana. Nikaacha kuhesabu. Layoni mmoja (kijana mdogo wa Kimaasai) aliyekuwa anachunga akaja kunisaidia kuzing'oa kwa kucha, anacheka kwa huruma. Mwongozaji wetu alikuwa na kasha moja la viraka kwa kundi zima, na gundi yake ilikuwa imekauka ndani ya tyubu. Ile dawa ya maji inayomiminwa ndani ya tairi ikaziba tundu lenyewe inauzwa Arusha mjini hapo hapo, na kila anayeendesha huko hatoki bila hiyo na tairi pana. Kampuni ya "baiskeli" haijui!

Halafu Selela si mahali pa kukaa kando ya njia unaziba pancha kama uko Kaloleni mjini Arusha. Ni mapito ya tembo na nyati wanaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Mwongozaji akawa anaangalia kichakani kuliko anavyoangalia tairi. Simlaumu kijana, na yeye alitupwa tu.

Gari la kusindikiza je? Hapa naomba mnivumilie. Lilitupita asubuhi na mapema, likapiga honi, tukapunga mikono. Ndani yake kulikuwa na maji yetu, chakula chetu, fundi, na wageni wengine wanaolipa kwa dola ambao kampuni iliamua kuwapeleka Natron kwa safari hiyo hiyo. Ilikuwa liwashushe kambini kisha lirudi kutufuata. Halikurudi. Saa sita mchana tuko kwenye jua ambalo halina hata kivuli cha mgunga, kila mtu na chupa ya mwisho, mtandao wa simu hakuna.

Tulifika Engaruka kwa kusukuma zaidi ya kuendesha. Kuna mama mmoja anauza chai pale, alituona tu akatoa ndoo ya maji kabla hatujaongea. Nikamwambia, "Yeyo (yaani mama), tunalipa shilingi ngapi?" Akasema, "Ero (yaani kijana), kunywa kwanza, hela haikimbii." Kijana wake akaziba tyubu zetu kwa vipande vya tyubu ya pikipiki na gundi ya fundi viatu, na viraka vile vilifika mpaka mwisho. Hao wawili ndio gari letu la kusindikiza.

Na kinachoniuma zaidi, Engaruka yenyewe ilikuwa kwenye ratiba. Pale kuna magofu ya kijiji cha kale na kuta za mawe za mashamba ya umwagiliaji, watu walichukua maji ya vijito vinavyoshuka ukutani wakayagawa kwa mifereji shamba hadi shamba, karne kadhaa zilizopita. Waliishi kwenye ukame ule kwa kujua maji yako wapi. Kampuni yenye leseni na kompyuta imeshindwa kufikisha katoni mbili za maji. Magofu yenyewe hatukuyaona, muda ulishakwisha.

Suala la vibali nalo. "Vyote vimelipwa," ilisema risiti. Kwenye kizuizi cha kwanza mwongozaji hana karatasi yoyote. Watu wa geti hawana kosa, wana bei zao ubaoni na wanafanya kazi yao. Tukalipa mifukoni mwetu, na kizuizi kilichofuata hivyo hivyo. Kwa hiyo kuna hela tulilipa mara mbili, na mara ya kwanza sijui aliila nani.

Giza lilitukuta Lengai iko kushoto kwetu, hakuna taa hata moja, misuli ya mapaja ya dada mmoja kwenye kundi imekaza hawezi kusimama, na fisi wameanza. Waliotuokoa ni vijana wa bodaboda wa Engaresero waliokuwa wanarudi nyumbani. Watu kwanza, baiskeli baadaye. Nauli tumelipa sisi.

Tuliporudi Arusha kwenda kulalamika tukaambiwa "hamkuwa na mazoezi". Mmoja wetu anapiga Arusha–Moshi kwenda na kurudi kwa starehe! Meneja akaongeza kwamba kwa bei ile "tusitegemee huduma ya wazungu". Kumbe "bei ya mzawa" ina maana mzawa hanywi maji. Kama hamuwezi kutuhudumia kwa hiyo bei, pandisheni bei tukatae wenyewe.

Najua atakuja mtu hapa na "si mngejipanga wenyewe". Mkuu, tulilipa ili tupangiwe. Na nchi yenyewe haina tatizo. Vijana wa Mto wa Mbu wanaozungusha watu mashambani kwa baiskeli wanajua kila mfereji, siku ya kwanza na wao ilikuwa safi kabisa. Karatu kushuka Mang'ola kwenye vitunguu hadi Ziwa Eyasi watu wanakwenda wanafurahi. Hata hii ya Natron inaendesheka: mnaondoka alfajiri mapema, mnalala Engaruka badala ya kuipita mbio, gari linakaa nyuma yenu na si mbele, na masika mnaiacha kabisa kwa sababu makorongo yale yakijaa hata hiyo Land Cruiser haipiti. Ukifika, Natron inakulipa, ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakozaliana. Sisi tuliwaona asubuhi tumekaa chini kwa sababu miguu haikubali.

Ninachotaka: warudishe hela za gari, za vizuizi na za bodaboda, na wafute hiyo "70" kabla hawajampeleka mtu mwenye ugonjwa wa moyo au mtoto. Wenye uzoefu wa kudai haki Tume ya Ushindani au kupitia mamlaka ya leseni za utalii, nielekezeni imewachukua muda gani.

SASISHO, saa mbili usiku: Wamenipigia. Wananipa punguzo la asilimia 20 kwenye "ziara ijayo" ili nifute uzi. Nimekataa. Tangazo wamelibadilisha jioni hii, sasa linasomeka "kilomita 70 hadi 120 kutegemea hali". Hali ya nini wakuu, barabara inavutika? Picha za skrini za tangazo la zamani ninazo. Mliowahi kuchukuliwa na hawa jamaa kwa njia hii, njooni PM na risiti zenu, tunapeleka kwa pamoja.