Hereni za sumaku kwa sisi tusiotoboa masikio: zipi hazidondoki na haziumizi?

Binti wa Mbagala

Habari za mchana wapendwa, naombeni ushauri wenu. Nina miaka 31 na sijawahi kutoboa masikio. Hereni nazipenda sana, ila nilipochanjwa begani nikiwa mdogo kovu liliota nyama, likawa keloidi ya ukubwa wa punje ya karanga ambayo mpaka leo inawasha joto likizidi. Mama akasema sindano haitagusa sikio langu. Nimekua nikaona alikuwa sahihi, maana shangazi yangu alitoboa ukubwani akaota uvimbe nyuma ya sikio, ukakatwa, ukarudi mkubwa kuliko wa kwanza.

Mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao na mimi ndiye nitakayesimama naye. Gauni limeshashonwa, shingo iko wazi, nywele zitabanwa juu. Masikio yote nje. Juzi nilinunua Kariakoo hereni za sumaku za kuning'inia, elfu saba, nikazijaribu kwenye kicheni pati ya rafiki. Ya kushoto ilikaa kama nusu saa. Nilipoinama kidogo kwenye kucheza ikadondoka, na kile kisahani cha nyuma sijakiona mpaka leo. Ya kulia ilivumilia, lakini nilifika nyumbani sikio limekufa ganzi na lina alama ya duara.

Je, zipo za sumaku ninazoweza kukaa nazo shughuli nzima, saa tano au sita? Dukani niangalie nini? Tafadhali msiniambie nitoboe.

Mama Naila

Pole mdogo wangu. Mimi za sumaku navaa kanisani tu, zile ndogo za kukaa sikioni kama kifungo. Za kuning'inia nilishaachana nazo, nimepoteza tatu.

Sonara wa Pwani

Mwanangu, nimefanya kazi ya vito miaka mingi na swali lako naletewa mara kwa mara, hasa msimu wa harusi.

Hereni zako zilikosewa tangu mwanzo kwa kuwa za kuning'inia. Sumaku mbili zilizoshikana ni ngumu kuzitenganisha ukizivuta moja kwa moja, lakini zisukume kwa pembeni, zinateleza bila shida. Sasa hereni inayoning'inia inavuta kwenda chini, kule kule sumaku isikokuwa na ubavu. Ongeza jasho na mafuta ya ngozi, lazima ishuke.

Halafu kuna unene wa nyama ya sikio lako. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kila umbali unapoongezeka, hata milimita moja utaiona tofauti. Ndiyo maana rafiki yako mwenye sikio jembamba anaweza kusifia hereni ambayo kwako haikai. Mimi wateja wangu nawapimia kwa mkanda wa suruali, ule wa ngozi nene, kwa sababu unakaribiana na sikio la mtu mzima. Nenda nao dukani. Bandika hereni kwenye mkanda, ushike wima, utikise kama unavyotikisa kichwa ukicheza. Ikishuka hata kidogo, rudisha. Na kama imeng'ang'ania mpaka unatumia kucha kuibandua, rudisha pia, hiyo ndiyo ya kukutia ganzi.

Geuza uangalie kisahani cha nyuma. Kikiwa kipana na bapa, mkandamizo unasambaa. Kikiwa kidogo kama kichwa cha msumari, nguvu yote inakaa sehemu moja. Wengine huweka kipande chembamba cha silikoni juu ya sumaku, na hizo nazipenda: ni laini na hazitelezi.

Ukiambiwa ni dhahabu tupu, usitoe hela ya dhahabu. Dhahabu haishikwi na sumaku. Kinachoshika ni sumaku ya neodimia, aina ndogo yenye nguvu sana, iliyofichwa ndani, na juu yake kwa kawaida kuna utando wa chuma kiitwacho nikeli, kisha rangi. Sumaku hizi ni kama kigae: ukiziachia zigongane kwa nguvu zinamenyeka, na zikimenyeka zinaota kutu ukaja kuilaumu ngozi yako. Pia zisikae karibu na pasi ya nywele. Nyingi zikizidi nyuzi 80 zinapoteza nguvu moja kwa moja.

Kaka Mkubwa

Dada, kwa nini usitoboe hospitali, kwa usafi, kwa dhahabu halisi? Dada yangu alifanya hivyo na yuko salama.

Binti wa Mbagala

Kaka, nashukuru, najua umesema kwa nia njema. Ila keloidi haingojei uchafu. Shangazi yangu alitobolewa na daktari.

Nesi wa Zamu

Binti wa Mbagala amesema kweli. Ngozi yenye asili ya keloidi inaweza kuota hata kidonda kikiwa kisafi kabisa, na sisi wenye ngozi nyeusi tunapata zaidi. Kwa aliyekwisha kuota moja begani, kutotoboa ni uamuzi wa busara.

Habari njema ni kwamba mkandamizo peke yake, ngozi ikiwa nzima, si kidonda. Kuna wagonjwa ambao baada ya keloidi ya sikio kukatwa huvalishwa hereni maalumu za kubana ili isirudi. Lakini hizo hupimwa na kufuatiliwa na daktari, usiseme za dukani ni dawa. Kwako hatari ni kuchubua. Ukiivua kwa kuivuta ngozi inabanwa katikati na inaweza kupasuka. Telezesha sumaku ya mbele kwenda chini mpaka itoke kwenye ukingo wa sikio, huku umeshika ya nyuma.

Saa sita mfululizo sikushauri. Pumzisha sikio kila baada ya saa mbili, dakika kumi zinatosha. Usisubiri kuona wekundu, kwenye ngozi zetu hauonekani vizuri. Sikiliza joto, maumivu na ganzi. Ganzi ikianza, vua hapo hapo, hata kama mpiga picha anakuita. Ukiwashwa na vifungo vya chuma vya jinzi, basi huenda nikeli haikupendi, nawe uliza chuma cha pua au silikoni.

Lingine nawaomba kina mama wote mlio humu. Mtoto akimeza sumaku mbili, zinatafutana ndani ya tumbo na kubana utumbo katikati mpaka unatoboka. Hata ukishuku tu, usisubiri atoe choo, mpeleke hospitali wakati huo huo. Kile kisahani kilichopotea ukumbini kinanisumbua moyo. Na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asizivae, wala wewe usimlalie kifuani ukiwa nazo.

Ukhti wa Nyali

Assalaam aleikum. Mimi nazivaa chini ya mtandio. Pini za chuma huvutwa na sumaku, hivyo pini weka mbali na sikio. Kabla ya kuvaa nafuta sikio kwa pamba yenye spiriti, nangoja likauke, kisha nyuma nabandika kipande kidogo cha plasta ya karatasi. Haitelezi tena, na ngozi haigusani na chuma.

Mama Naila

Nimesahau kusema: kwa za kuning'inia tafuta za kubana zenye skrubu nyuma. Unakaza kidogo kidogo mpaka zishike, unaacha hapo. Ukumbini ukichoka unalegeza nusu mzunguko bila kuvua.

Binti wa Mbagala

Wapendwa, sendofu ilikuwa Jumamosi na sikutaka kukaa kimya.

Nilienda dukani na mkanda wa baba. Nilijaribu jozi tisa, saba zikashuka, moja ikang'ang'ania. Iliyobaki ni ya lulu bandia, kisahani kipana chenye silikoni. Hiyo nilivaa kwenye picha na kuingia ukumbini, na plasta ya karatasi nyuma kama alivyosema ukhti. Baada ya chakula nilikwenda chooni nikavua kwa kutelezesha, nikapumzika, kisha nikavaa ndefu za skrubu za kuchezea. Nililegeza mara mbili. Sikio la kulia liliuma kidogo mwishoni, asubuhi hakukuwa na alama.

Nesi, nilirudi kwenye ule ukumbi wa kicheni pati. Mfanyakazi wa usafi alikuwa amekiokota kisahani, kilishikana na mguu wa kiti. Sasa vyote viko kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati, mwanangu hafiki.

Mama alinishika sikio wakati tunamtoa bibi harusi. Akaligeuza, akatazama nyuma, akaona hakuna tundu. Hakusema kitu, akaniweka sawa ile lulu.