Nataka kutoa Ubuntu nibaki na Windows tu, naanzia wapi?

mwanafunzi_wa_fildi: Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Laptopu yangu ina Windows 10 na Ubuntu (ule mfumo wa Linux), Ubuntu niliiweka mwaka jana kwa ajili ya somo moja chuo sasa somo limeisha na disiki yenyewe ni GB 256 tu, Ubuntu imekula 60 na C imejaa mpaka nashindwa kusevu ripoti ya fildi. Nikiwasha inakuja ile menyu nyeusi ya kuchagua. Rumeti wangu anasema ingia Windows futa patisheni (vipande vya disiki) za Ubuntu basi kazi imeisha, ni kweli? Naogopa, ripoti yote imo humo na sina nakala.

fundi_kimya: Usifute chochote kwanza mkuu!! Hiyo ripoti itoe sasa hivi weka kwenye flashi au jitumie kwenye imeili. Menyu nyeusi ni GRUB, programu ya Ubuntu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, na mafaili yake mengi yanakaa ndani ya patisheni ya Ubuntu yenyewe, ukiifuta mapema ukirestati unakutana na grub rescue, skrini nyeusi ya kuandika amri tu, Windows ipo nzima lakini huingii. Mimi yalinikuta usiku wa kuamkia kuwasilisha projekti, sikulala. Bonyeza Windows+R andika msinfo32, kwenye BIOS Mode imeandikwa nini, UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) au Legacy (ya zamani)?

mwanafunzi_wa_fildi: UEFI. Na ripoti nshaituma imeili.

dada_wa_data: Afadhali mdogo wangu, UEFI haisumbui. Kama umewasha BitLocker, ile ya Windows ya kufunga disiki kwa siri, kaandike kwanza ule ufunguo wa rikavari, una tarakimu 48, maana ukigusa mpangilio wa kuwaka inaweza kukudai. Kisha ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe, unabonyeza kitufe wakati inawaka, mashine nyingi ni F2, F10 au Del, sehemu ya Boot pandisha Windows Boot Manager iwe juu ya ubuntu, sevu. Washa mara mbili tatu uone inaingia Windows yenyewe bila menyu, hapo ndo ufungue diskmgmt.msc kwa Windows+R, ndo pa kupangia patisheni. Za Ubuntu hazina herufi, zitambue kwa ukubwa uliozipa, raiti-kliki Delete Volume. Ile ndogo ya EFI System Partition USIIGUSE, Windows nayo inawakia humohumo, na ya Recovery iache. Mwisho raiti-kliki C, Extend Volume. Ikigoma ujue ile nafasi haijapakana na C kwa kulia.

fundi_kimya: Naongezea, folda ya ubuntu itabaki kwenye EFI, haina madhara ila ukitaka kuitoa fungua CMD kama admini, mountvol S: /S halafu rd /s S:\EFI\ubuntu, folda za Microsoft na Boot usiziguse kabisa. Na wenye mashine za Legacy msifuate hii ya BIOS, nyie mnaanza kwa kuwasha na flashi ya Windows, mnafungua CMD yake mnaandika bootrec /fixmbr kuiondoa GRUB, ndo mfute.

mwanafunzi_wa_fildi: Extend imekubali, C imepata zile 60 zote na inawaka moja kwa moja. Folda nimeiacha kwanza mpaka nimalize ripoti. Asante sana dada, asante mkuu, rumeti nimemwonyesha huu uzi maana na yeye alikuwa anataka kufuta ya kwake leo.