Tupeane uzoefu: picha ya mlima au ya mji wa kale wa pwani iliyokulazimu kurudi mara ya pili

Habari za leo wakuu.

Mimi ni mkazi wa Dar. Kazi yangu ya kila siku ni nyingine kabisa, lakini siku za mapumziko nabeba kamera, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipiga vitu viwili tu: milima, na miji ya kale iliyokaa ukingoni mwa maji. Watu huniuliza vinahusiana vipi. Kwangu vinahusiana kwa sababu vyote havisogei. Mlima utaukuta palepale, msikiti utaukuta palepale. Kinachotembea ni jua, wingu na maji, na hivyo ndivyo vinavyokupa picha au kukunyima. Picha zangu ninazozipenda karibu zote nilizipata safari ya pili au ya tatu.

Naanza na yangu. Nilitaka kuupiga mji wetu kutokea ng'ambo, Kigamboni, mnara wa kanisa la Azania Front uonekane pamoja na maghorofa ya vioo yaliyoota nyuma yake. Mara ya kwanza nilivuka na pantoni jioni, nikiamini machweo yana mwanga mzuri popote pale. Nikakuta jua linazama nyuma ya mji. Majengo yote yakatoka meusi, mnara ukamezwa na ghorofa.

Wiki mbili baadaye, ilikuwa mwezi Juni, nikavuka alfajiri. Saa 12 na nusu jua likachomoza mgongoni kwangu. Mwanga ulianza juu kabisa kwenye vioo, ukashuka ghorofa moja baada ya nyingine, ukafika kwenye vigae vyekundu vya kanisa, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwishoni mwa karne ya 19. Kwa dakika kama kumi vigae viliwaka huku maji ya bandari yakiwa bado na bluu nzito ya usiku. Katikati ya hizo dakika ngalawa moja ikakatiza kuelekea Feri kushusha samaki. Hiyo ndiyo picha. Jua lilipopanda kidogo tu, rangi yote ikaisha.

(Kwa wanaotaka kujaribu: ndani ya pantoni sikutoa kamera, na upande wa Magogoni ilipo Ikulu lenzi haielekezwi. Hilo tusilifanyie mzaha.)

Naomba na nyie mtusimulie. Ulikwenda wapi, kitu gani kilikwama, na uliporudi ulibadilisha nini?

Mzaliwa wa Moshi, sasa Tabata

Asante mkuu kwa uzi mzuri. Nyumbani, chini ya Kilimanjaro, tunasema mlima umefunguka au umejifunika. Mara nyingi unafunguka alfajiri na jioni, mchana unajivika wingu. Hilo wengi wanalijua. Ambalo nililijua nikiwa mtu mzima ni habari ya jua.

Moshi iko kusini mwa mlima. Mwezi Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ule uso tunaouona sisi unakuwa nusu kivulini hata siku ambayo hakuna wingu. Kuanzia Desemba hadi Februari jua linahamia kusini na linaupiga uso huohuo asubuhi na jioni. Nilikuwa naenda likizo ya katikati ya mwaka, kila mara narudi na picha ya kijivu ya Kibo, kile kilele chenye barafu. Safari niliyokwenda Januari nilipanda juu ya paa la mjomba saa 12 kasoro, barafu ikaanza kuwa ya waridi, halafu ya dhahabu, mikunjo yote ya mwamba ikahesabika. Mjomba alipanda na chai akasimama pembeni yangu, hatukusema neno.

Kitu kingine: acheni lenzi pana. Ukipiga kwa lenzi pana, mlima wa mita 5,895 unageuka kichuguu nyuma ya nyaya za umeme. Rudi nyuma, tumia lenzi ndefu, ndipo mlima unausimamia mji kama tunavyouona kwa macho.

Mdau wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, Dar naja kikazi. Bwana mwenye uzi amesema kweli, lakini kwetu mambo yamegeuka. Dar inatazama mashariki, Mji Mkongwe unatazama magharibi. Asubuhi majumba yote ya mbele ya bahari yamo kivulini. Mgeni anayepanda boti ya asubuhi kutoka Dar anafika akiwa na hamu, anapiga kutoka sitahani, anapata ukuta mweusi. Panda boti ya mchana. Ikikaribia bandarini jua la alasiri linakuwa limeshayashika majumba yote.

Nina picha moja niliyoipiga hivyo mwaka 2018. Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, bado imesimama, nguzo zake, roshani zake, mnara wa saa. Jumba lile Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883. Wakati ule niliiona picha ya kawaida, nikaiacha kwenye kompyuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara, na watu wakafariki. Usiku ule niliitafuta picha yangu mpaka nikaipata, nikaikuza, nikaanza kuona nisivyoviona siku ya kupiga: ufa, chokaa iliyovimba, jani limeota pembezoni mwa roshani. Tangu hapo kila mwezi napita mitaa ileile, Mizingani, Shangani, Malindi, napiga majumba yaleyale kutoka pembe ileile. Sizitafutii uzuri. Nataka mtu akitaka kukarabati, aone jengo lilikuwaje.

Mwenye uzi

Mkuu, hili limenigusa sana. Naomba usiache hata mwezi mmoja, na nakala ziweke mahali pawili au patatu tofauti.

Mwanadada wa Mbezi

Mimi nilikwama kileleni. Nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Tulianza safari ya mwisho kutoka kambi ya Kibo usiku wa manane, baridi kali, kamera shingoni. Mara ya kwanza betri ilikata kabla hata sijapiga alfajiri. Ilionyesha imejaa nilipoondoka kambini. Baridi ndiyo inayoimaliza. Nilifika kilele cha Uhuru nikapigwa picha kwa simu ya mwenzangu.

Nilirudi baada ya miaka mitatu. Safari hii betri tatu nilizifunga kwenye soksi, nikazivaa ndani ya nguo karibu na ngozi, nikalala nazo. Kamera niliiwekea betri dakika ya mwisho tu. Mpagazi wetu mmoja, kaka mwenye heshima sana, ndiye aliyenifundisha, na ndiye aliyeniambia jambo ambalo sikulisoma popote. Tulikuwa tumeshapita Stella, kituo cha karibu na kilele, jua linatoka nyuma ya Mawenzi, kile kilele kingine cha mashariki, kila mtu amegeukia huko. Akanigusa bega: "Dada, geuka nyuma." Upande wa magharibi kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya mawingu, pembetatu kubwa ya zambarau, ncha yake inaishia mbali kabisa. Hakikukaa. Nilipiga picha nane, mikono inatetemeka, mbili zikatoka kali. Nimeichapisha moja na kumpelekea yeye kwanza.

Mdau wa Kinondoni

Kwa wasio na nauli ya Moshi: milima ya Uluguru, pale Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, unaondoka Dar asubuhi, usiku uko kwako. Kosa langu lilikuwa kukimbilia Morogoro alfajiri. Ule uso wa milima unaoutazama mji unapigwa jua jioni. Asubuhi nilipata ukuta wa bluu usio na umbo. Nilipobaki hadi saa 11 jioni kila bonde likajitokeza, na mashamba ya mboga yakaonekana tuta kwa tuta. Nendeni baada ya mvua, vumbi likiwa limeoshwa hewani. Na tukumbuke kwamba Mto Ruvu, unaoleta maji ya bombani hapa Dar, chanzo chake ni milima ileile.

Mdau wa Mbagala

Mimi ni wa Kilwa, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu Kilwa haipigwi picha inavyostahili.

Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Unachukua kibali, unavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, yalipo magofu ya mji wa kale. Safari ya kwanza nilifika saa 6 mchana, tena maji yamekupwa. Jua la utosi linafuta kila kitu: Msikiti Mkuu ulionekana kama kifusi cha rangi moja, na lile Gereza, ngome ya kale ya ufukweni, lilikuwa limezungukwa na tope. Nilirudi Dar nimekata tamaa na pesa imekwisha.

Mwaka uliofuata nikafanya kitu kimoja tu cha tofauti: kabla ya kukata tiketi nilimpigia nahodha mmoja wa palepale kumuuliza habari za maji. Akanipangia siku za bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida, na yanajaa asubuhi. Tulivuka bado giza. Maji yalikuwa yamefika kwenye mikoko, Gereza likawa na kivuli chake majini. Ukitazama vizuri utaona upande wa bahari umeliwa na mawimbi. Eneo lile liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, likatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, na Wakilwa wenyewe walishika chepe na chokaa.

Kisha nikaingia msikitini jua likiwa bado chini. Mwanga uliingia kwa ubavu kati ya nguzo. Nikasogeza kamera karibu kabisa na ukuta, kiasi cha shubiri moja. Lile jiwe ni tumbawe. Kwa mwanga wa ubavu niliona vijitundu vya mdudu wa bahari aliyelijenga, vimejipanga kama maua madogo madogo, na juu yake alama ya kidole au mwiko kwenye chokaa. Sijui wangapi wamepita hapo bila kuona. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule. Mimi picha yangu ya Kilwa si ya mji mzima, ni ya hilo jiwe la shubiri moja, na kila anayeiona anauliza ni nini.

Mdau mpya

Samahani wakuu, mimi nina simu tu. Inawezekana?

Mwenye uzi

Inawezekana kabisa. Futa kioo cha lenzi kwanza, maana hapa pwani chumvi inaganda bila wewe kuiona na picha yote inakuwa na ukungu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, isubiri simu ipate joto la nje. Gusa sehemu yenye mwanga mkali kwenye skrini halafu punguza mwanga, anga isiungue. Anzia karibu: Bagamoyo, magofu ya Kaole, yale makaburi ya nguzo asubuhi mapema. Ukikutana na mtu, salimia na omba ruhusa kabla hujainua simu. Na ukija kupata droni, omba vibali kwanza, hasa hifadhini.

Mdau wa Mji Mkongwe

Naongezea hapo pa ruhusa. Kwetu kuna bibi mmoja hukaa barazani kila alasiri, nyuma yake mlango wa nakshi mzuri mno. Nimeupiga mlango ule mara nyingi akiwa hayupo. Mwaka jana nikamwamkia, nikakaa naye, akanihadithia nani aliuchonga. Siku ya tatu mwenyewe akasema, "Haya, mwanangu, piga." Akajitandia kanga vizuri, akaweka mkono juu ya njumu ya shaba ya mlango ule, iliyong'arishwa na mikono ya nyumba nzima.

Mwenye uzi

Shukrani mno. Nimeshampigia nahodha wa Kilwa kupitia mdau wa Mbagala. Bamvua ijayo nipo, nafasi mbili zimebaki kwenye mashua. Tunavuka kabla ya adhana ya alfajiri.