Dhahabu ya deraya ya Malenia inatoka kama plastiki, nakosea wapi kwenye Krita (programu ya kuchora)?

Kalamu_Wino:
Wakuu, habari za muda huu. Nachora mchoro wa shabiki wa Malenia wa Elden Ring, ule mchezo wa video wa FromSoftware wa 2022. Anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu: chapeo yenye mabawa, nywele nyekundu zimepeperukia kushoto, mkono wa kulia wa bandia uko mbele na upanga. Turubai ni A4 kwa DPI 300, yaani pikseli 2480 kwa 3508. Umbo na mistari nimeridhika navyo, shida ni dhahabu. Nimejaza njano, kivuli nimeweka leya (tabaka la mchoro) ya Multiply, modi inayotia giza vilivyo chini yake, yenye nyeusi, mng'ao nimepuliza nyeupe kwa brashi laini. Penye mwanga panafanana na ndoo ya plastiki, penye kivuli pamekuwa kijani cha matope. Halafu rangi inavuja nje ya umbo ingawa nimewasha alama ya α (ya kuibana rangi isitoke nje ya vilivyo chini yake) kwenye leya ya kivuli. Naombeni hatua zenyewe.

Fundi_Dirii:
Mkuu, anza na hiyo nyeupe. Plastiki hata iwe ya njano, pale taa inapopiga hurudisha doa jeupe. Dhahabu haifanyi hivyo: mwanga inaourudisha huupaka rangi yake yenyewe. Kwa hiyo doa kali kabisa la mng'ao liwe njano iliyopauka, H 48, S 20 hadi 25, V 97 (H ni aina ya rangi kwa nyuzi, S ni ukolezo wake na V ni mwangaza wake, vyote viwili kwa asilimia). Ukiweka nyeupe tupu, jicho linasoma plastiki papo hapo, hata kama mengine yote umepatia.

Kosa la pili ni brashi laini. Chuma kilichosuguliwa ni kioo kilichopinda, na kinachoonekana juu yake ni picha ya vitu vilivyokizunguka. Kama nyumbani kuna dele la kahawa la shaba, liweke karibu na dirisha ulitazame kwa karibu dakika tano. Utaona dirisha limejikunja likawa mstari mwembamba mkali, pembeni yake mara moja panaingia weusi wa chumba, na chini kabisa kuna rangi ya meza. Mwanga haufifii polepole kutoka juu hadi chini. Unakatika.

Sasa chukua kipande kinachofunika sehemu ya juu ya mkono, ambacho ni mcheduara. Kwa brashi ngumu isiyo na ukungu, pigia michirizi inayofuata urefu wa mkono: ukingoni kabisa rangi ya kati iliyofifia (huo ni mwanga unaorudi kutoka kwenye joho), kisha giza zito, kisha ubavuni mwa giza hilohilo mwanga mkali bila kulainisha, kisha rangi ya kati pana, kisha giza jepesi upande wa pili. Giza zito lisikae ukingoni. Ukilipeleka ukingoni, mkono unakuwa bapa kama kadibodi. Lainisha upande mmoja tu wa kila mchirizi, ule wa pili uache na makali yake. Na mwanga mkali uwe mdogo, kama asilimia 5 ya eneo la kipande. Ukizidi hapo, hauonekani tena kuwa mkali.

Mama_Rangi:
Naongezea kuhusu matope. Njano ukiichanganya na nyeusi huwa kijani cha zeituni, ndivyo njano ilivyo. Ifute hiyo leya ya nyeusi. Kivuli cha dhahabu hupatikana kwa kuisogeza rangi kuelekea nyekundu kadiri inavyozama: rangi ya kati H 40, S 60, V 62, kivuli H 28, S 68, V 38, giza zito H 18, S 65, V 16. Ukiziweka pembeni ya turubai kama vidoa vinne pamoja na ile ya mng'ao, zinakutosha kwa kazi nzima.

Nywele zake na joho ni nyekundu, kwa hiyo bega na shavu la chapeo upande wa nywele lazima vibebe madoa ya H 12, uzito wa rangi (opacity) asilimia 40, yenye kingo zinazoonekana. Hapo ndipo dhahabu inaanza kukaa mahali pamoja na mhusika. Ila usimpakie bluu ya anga juu ya dhahabu. Dhahabu humeza bluu, kwa hiyo anga juu yake huonekana kijivu iliyochoka. Bluu iweke kwenye ubavu wa upanga, huo ni chuma cheupe na unaipokea.

Kuvuja: alama ya α kwenye Krita inasoma kila kilicho chini ya leya hiyo, pamoja na mandharinyuma yako meupe. Unda kundi la leya ili α isome yaliyo ndani yake tu, weka humo leya ya umbo lililojazwa chini kabisa, kisha leya za kivuli na mng'ao juu yake zikiwa na α. Fanya kundi moja kwa chapeo, moja kwa dirii, moja kwa mkono, moja kwa nguo.

Giza_na_Nuru:
Kwa upande wangu ningeanza na kijivu kwanza, dhahabu baadaye. Ukishapata weusi na weupe sahihi, rangi haiwezi kukuangusha.

Mama_Rangi:
Kwa upanga nakubali, kwa dhahabu hapana. Ukipaka leya moja ya njano juu ya kijivu, H inabaki ileile kuanzia mwangani hadi gizani, na tunarudi kwenye kijani. Kijivu kitumie kukagua: leya nyeusi juu ya zote, modi ya Color (inaondoa rangi, inabakiza weusi na weupe tu), iwashe na kuizima kila baada ya dakika chache. Dhahabu na ngozi ya uso zikionekana kijivu kimoja, shusha dhahabu, usipandishe ngozi.

Kalamu_Wino:
Asanteni sana, mkono umebadilika kabisa na kuvuja kumekoma. Nimebakiwa na mabawa ya chapeo. Nimechora manyoya yote moja moja, sasa yanapiga kelele kuliko uso. Na vipande vya bega vinaonekana kama stika, havina unene.

Fundi_Dirii:
Bawa lichukulie kwanza kama kipande kimoja cha chuma kilichopinda: nusu mwangani, nusu gizani, bila unyoya wowote. Kisha manyoya matatu au manne yaliyo karibu na paji la uso yape mstari wa mwanga upande wa taa na mstari wa giza ubavuni mwake. Yanayofuata yape mstari wa giza tu, ya nyuma kabisa yaache yapotelee kwenye rangi ya kati. Makali yanatakiwa kukusanyika pale unapotaka mtu aangalie.

Unene unatoka kwenye ukingo. Kipande cha juu kipe mstari wa mwanga wa pikseli 3 kwenye mdomo wake, na chini yake mara moja kivuli cha pikseli 6 hadi 10, kikali kwa juu, kimelainika kwa chini. Mstari huo wa mwanga ukatekate, usiuzungushe kipande kizima, vinginevyo utasomeka kama kalamu. Mikwaruzo weka mdomoni tu na kwenye viungo vya kiwiko, mahali chuma kinaposuguana na chuma.

Giza_na_Nuru:
Leya ya Color Dodge (modi inayong'arisha vilivyo chini yake) iwe ya mwisho kabisa, na usitumie nyeupe humo, inaunguza kila kitu kuwa cheupe. Tumia machungwa iliyozama, H 30, S 70, V 35, opacity ya leya iwe asilimia 40, madoa mawili au matatu tu: kilele cha chapeo na kifundo cha mkono. Kama utachapisha, hakikisha giza lako la mwisho halijashuka chini ya V 16 kabla ya kupeleka faili, maana chini ya hapo karatasi hulifanya bonge moja jeusi na michirizi yote ya gizani inapotea.